Muulize Mwalimu: Tulimaliza zamani, sasa turudi shuleni vipi?

Toleo lililopita niliwauliza swali moja tu, tangu umalize shule umewahi kurudi pale kufanya kitu, sio kuchukua cheti, kufanya kitu. Barua zimekuja mpaka mhariri akaniongezea kurasa, na karibu wote badala ya kunijibu mmeniuliza mimi: tuanzie wapi, pesa tumpe nani, na mbona hedi, yaani mwalimu mkuu, anatukataa. Nimechagua sita, nimezifupisha, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Salaam mwalimu. Sisi ni OB na OG, wanafunzi wa zamani, wa sekondari moja ya serikali hapa Arua, Uganda, tulimaliza S4, kidato cha nne, pamoja 2009. Tuna grupu la WhatsApp, watu mia na kitu, na mwaka mzima ni mabishano tu. Nusu wanataka tujenge geti kubwa liandikwe mwaka wetu, nusu wanataka kompyuta, wengine wanasema tusitoe kitu mpaka tuwe na katiba. Pesa kidogo tuliyochanga iko kwa simu ya admini. Tuanzie wapi? OB, Arua

OB wangu, anzieni kwa kwenda. Kabla ya geti, kabla ya kompyuta, kabla hata ya hiyo katiba, chagueni watu watatu au wanne wanaoishi karibu, wampigie hedi simu waombe siku, na iwe siku ya kawaida ya masomo, sio siku ya visitesheni wazazi wanapokuja wala siku ya spichi manake siku hizo shule inafagiliwa mpaka nyuma ya jiko. Wazunguke kote. Na wasiongee na hedi peke yake, waongee na mwalimu wa taaluma, na metroni, na mpishi, na basa anayeshika pesa za shule, na prifekti wa bweni, na yule askari wa getini ambaye mara nyingi ndiye amekaa pale kuliko wote na ameona mahedi wakija na kuhamishwa. Wote waulizwe swali moja: kitu gani kikiharibika hapa hakina mtu wa kukitengeneza?

Nasisitiza hilo swali kwa sababu nimekaa mashuleni miaka mingi na nimeona jinsi mambo yanavyokwenda. Darasa jipya huwa linapata wa kulijenga, serikali au kanisa au mzungu fulani, tanki nalo linapata wa kulileta na picha inapigwa. Sasa gata ya kupeleka maji kwenye tanki ikianguka? Hiyo haina mwenyewe. Unakuta tanki la lita elfu 10 limekaa kavu misimu ya mvua yote na watoto wanabeba jerikeni kutoka mtoni, na shida yote ni gata na vipande viwili vya bomba. Mlango wa choo cha wasichana umetoka bawaba, msichana wa S3 anavumilia mpaka giza liingie. Pampu ya kisima imekatika chuma, madawati yamelegea, kitasa cha labu kimeharibika kwa hiyo vifaa vimefungiwa stoo na watoto wanasoma kemia ya kuchorwa ubaoni. Vitu kama hivi mnaweza kuvimaliza ndani ya likizo moja na mwanafunzi anasikia tofauti siku anayorudi.

Geti sina ubaya nalo, kama shule inaibiwa na wanyama wanaingia basi geti ni la lazima, jengeni. Lakini kama sababu ni jina la mwaka wenu kuonekana barabarani, nawaomba mngojee. Na kompyuta hivyo hivyo, ulizeni kwanza umeme upo saa ngapi (West Nile mnajua wenyewe mlivyokaa miaka nje ya gridi ya taifa), nani atafundisha, chumba kina grili, na ikikufa nani anaijua. Kama majibu yapo nunueni hata tano tu, kama hayapo mtakuwa mnanunua vumbi.

Kitu kingine ambacho maOB wengi wa miaka yenu hamjui ni kwamba masomo yenyewe yamebadilika. Tangu 2020 mtaala wa S1 mpaka S4 ni mpya, na wa kwanza kuufanyia mtihani wa taifa wa UNEB walikuwa wa 2024. Sasa hivi asilimia 20 ya maksi za mtoto zinatoka kwa kazi anazofanya shuleni kwenyewe, maprojekti, vitu vya mikono, na asilimia 80 ndio mtihani wa mwisho. Yaani mwalimu anatakiwa awape watoto projekti za kweli na mara nyingi hana hata mfano wa kuwaonyesha. Katika watu mia na kitu nyinyi mnaye fundi seremala, mnaye nesi, mnaye mtu wa nyuki, mnaye mwenye duka la spea. Mtu huyo akikaa na S2 mchana mmoja akawaonyesha kazi yake inavyofanywa, hesabu zake, hasara zake, huo ni msaada ambao hauombi hata shilingi.

Sasa pesa. Itoeni kwa simu ya admini, sio kwa sababu admini ni mwizi, kwa sababu hata akiwa malaika siku ataumwa au simu itapotea, na mabishano yatakayofuata yatawamaliza. Mkitaka akaunti ya benki kwa jina la umoja wenu lazima msajiliwe, njia rahisi kwa kikundi cha wilaya moja ni kujiandikisha wilayani kama CBO, kikundi cha kijamii, na kama mmesambaa nchi nzima na mna ndoto kubwa basi mnaweza kuandikisha kampuni isiyo ya faida kule URSB, ofisi ya taifa ya usajili, muulizeni mwenzenu mwanasheria, lazima yupo. Watia saini wawe watatu. Wakati makaratasi yanaendelea msikae bure, chukueni kwotesheni tatu za hiyo gata, mlipe duka la hadweya moja kwa moja, risiti ipigwe picha iwekwe kwa grupu siku hiyo hiyo. Katika watu mia na kitu msitegemee wote watoe, hawatatoa, na msiwafukuze wala kuwataja. Watu 30 wakitoa elfu 10 kila mwezi bila kukosa ni laki 3 kwa mwezi, milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, na hiyo inatunza vitu vingi kuliko harambee moja ya kelele.

Na mkikubaliana kitu na shule, kiandikwe, na bodi ya shule itie saini, sio hedi peke yake. Mahedi wa serikali wanahamishwa, leo yuko Arua kesho yuko Nebbi, na anayekuja anakuta ahadi ambayo haijui. Sheria ya elimu ya 2008 inawapa wanafunzi wa zamani nafasi ndani ya hiyo bodi. Nendeni mkaulize mwakilishi wenu ni nani kwa sasa. Mara nyingi mtakuta ni mtu aliyeteuliwa zamani na nyinyi hamkuwahi hata kusikia jina lake, basi mtafuteni, mumpe nguvu au mchague mwingine muda wake ukiisha.

Mwalimu, mimi nilisoma shule ya msingi hapa karibu na Bombo, niliingia P1 mwaka ule UPE, elimu ya msingi bila ada, inaanza, tulikuwa wengi tunakaa chini. Nilisimama S2. Sasa nauza vitambaa na mitumba sokoni. Wenzangu wameunda umoja, kuna maafande wakubwa na daktari, na kiingilio ni laki moja. Naona aibu hata kusogea. Mtu kama mimi ana nafasi kweli? OG, Bombo

Dada yangu, unayo, na nitasema wazi kwamba kiingilio cha laki moja kwa umoja wa shule ya UPE ni kosa na ninyi viongozi mnaosoma hapa mkiondoe. Mwaka 1997 watoto waliokuwa shule ya msingi nchi hii walitoka kama milioni 3 wakapita milioni 5 kwa mpigo, wewe ni mmoja wao, mlikaa chini, mlishirikiana kalamu, mwalimu mmoja alikuwa na watoto mia. Hiyo historia ni ya wote walioikalia sakafu, sio ya aliyepata cheo tu. Mchango uwe kila mtu anachoweza na mwenye nyingi atoe nyingi bila kutangaziwa.

Ila hebu tuangalie ulichonacho. Kwanza unaishi pale. Afande yuko kazini huko mbali, daktari yuko Kampala, wakituma mifuko ya simenti nani ataihesabu ikishuka kwa lori? Nani atapita Jumatano kuona fundi amekuja au amelala? Umoja wowote unamhitaji mtu wa hivyo kuliko unavyohitaji mwenyekiti, na wewe watu wa hapo wanakujua. Kamati ya shule ya msingi nayo ina kiti cha wanafunzi wa zamani, sheria ni ile ile ya 2008, na hakuna mahali imeandikwa lazima uwe na digrii.

Pili wewe ni mtu wa vitambaa. Kila muhula kuna msichana wa P6 au P7 anakosa shule siku kadhaa za mwezi kwa sababu hana pedi, na ruzuku ya UPE inayozunguka kwenye elfu 20 kwa mtoto kwa mwaka mzima haiwezi kubeba hilo, hiyo pesa ndiyo chaki, ndiyo karatasi za mtihani, ndiyo michezo. Pedi za kufua zinashonwa kwa pamba laini ndani, flaneli, na kitambaa kisichopitisha maji chini, na kifungo cha kushika. Mkono wako unaweza. Nenda kwa mwalimu mwanamke wa malezi, yule tunamwita senia wumani, mwambie nataka kuja mara moja kila muhula kuwafundisha wasichana kushona zao, mabaki ya vitambaa naleta mimi. Wavulana pia wafundishwe, mtoto wa kiume aliyeshona pedi hamcheki dada yake. Pitia kwa mwalimu siku zote, usikae na watoto peke yako bila mwalimu kujua, hiyo ni kwa usalama wao na jina lako pia.

Na hiyo S2 uliyosimama, usiifiche. Shule zilifungwa Machi 2020 na watoto wengi hawakukanyaga darasa mpaka 10 Januari 2022, wengine hawakurudi kabisa, wameolewa, wako kwa boda, wako machimboni. Mzazi anayeambiwa na afisa wa wilaya arudishe mtoto anaitika tu na mambo yanaishia hapo. Wewe ukikaa naye jikoni ukamwambia nilisimama S2 na najua kilichonipata, huyo atakusikiliza.

Halafu kuna lugha. Bombo mnazungumza Kiswahili tangu mababu wa Kinubi, watoto wenu wanacho kinywani. Sasa hivi Kiswahili ni lazima S1 na S2, na tangu Julai 2022 baraza la mawaziri limesema kiwe cha lazima msingi na sekondari, lakini walimu hawatoshi, yaani mtoto wa mahali pengine anakutana na somo hili kwa mara ya kwanza S1 na mwalimu mwenyewe anajifunza naye. Kama shule yako ina saa ya kusoma, nenda ukae na P3 uwasimulie hadithi kwa Kiswahili safi cha kwenu. Nakuomba hilo kwa moyo wangu wote.

Mwalimu, niko kyeyo, kazi za nje, huku Doha, naendesha gari. Nililipiwa ada na mtu nisiyemjua mpaka nikamaliza, sasa nataka kulipia mtoto mmoja S1 mpaka S4 katika shule yangu ya zamani huko Mbale. Mwaka jana nilikuwa natuma pesa kwa rafiki, term ya pili nikasikia mtoto amerudishwa nyumbani hajalipiwa. Nimevunjika moyo. Nifanyeje? Dereva, Doha

Kaka pole, na usivunjike moyo manake mtoto hakukukosea. Badilisha njia tu. Pesa ya ada isipite kwenye mkono wa mtu hata mmoja, iende akaunti ya shule kwa jina na namba ya mwanafunzi, basa atakupa namba ya kulipia na unaweza kulipa ukiwa hapo hapo Doha au dada yako akalipa kwa simu akakutumia ujumbe wa uthibitisho. Kila mwanzo wa term mwombe basa akuandikie balansi ya mtoto. Ukituma kwa mobile money ili mtu atoe keshi apeleke shuleni unapoteza mara mbili, kuna gharama ya wakala na kuna ile kodi ya asilimia nusu ya kutoa pesa tangu 2018, halafu na mkono wenyewe.

Jua pia kwamba ada sio yote. Mtoto wa bodingi anahitaji godoro, sanduku, neti ya mbu, viatu, rimu ya karatasi, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa mwaka, na shule nyingine kuna pesa ya kumwandikisha UNEB akifika S4. Watu wengi wanalipa ada wanadhani wamemaliza, mtoto anakaa shuleni bila sabuni na anaona aibu kumwambia mfadhili. Ongeza hesabu hiyo kabla hujaahidi.

Na hapa ndipo nataka ufikiri sana. Miaka minne ni term 12. Kontrakti yako ya Doha ina miaka mingapi? Ikikatika katikati, huyo mtoto wa S3 anakwenda wapi? Mimi ningekushauri utafute wenzako wawili wa mwaka wenu, mbebe mtoto mmoja watu watatu, na muweke akiba ya term moja ambayo haiguswi. Ni afadhali mtoto mmoja amalize S4 kuliko watatu wafike S2 wasimame. Najua moyo unataka kubeba wengi, lakini mtoto aliyeahidiwa akaachwa njiani anaumia kuliko ambaye hakuahidiwa kitu.

Kumchagua usimchague wewe kwa picha za WhatsApp. Iombe shule ikae kamati ndogo, mwalimu wa darasa, mtu wa kanisa au msikiti, mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, anakotoka, wakupe majina na sababu. Na usiseme nataka wa kwanza darasani tu, wa kwanza darasani mara nyingi anapata wa kumbeba, angalia yule wa katikati anayekosa Jumatatu kwa sababu anauza mkaa. Ukishamlipia usidai apigwe picha akiwa ameshika karatasi ya hundi mbele ya wenzake, usimfanye aandike barua ya shukrani kila mwezi. Wewe mwenyewe unasema ulilipiwa na mtu usiyemjua, unajua jinsi ulivyotembea kichwa juu.

Mwalimu, mimi ni fundi umeme hapa Masindi, shule yangu ya msingi iko upande wa Kiryandongo. Radi zinatusumbua sana. Nimewaambia OB wenzangu tufunge kinga ya radi kwenye madarasa, mimi kazi nafanya bure, lakini wengine wanasema radi ni mambo ya kutumwa na mtu, hiyo pesa tununue mipira. Fundi, Masindi

Fundi, shika hapo hapo usiachie. Wenzako wa upande huo hawajasahau Juni 2011, shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo hiyo hiyo, radi moja iliua watoto 18 na mwalimu wao wakiwa darasani. Nchi yetu iko kwenye ikweta na ziwa kubwa liko hapa, tuko kwenye sehemu za dunia zinazopigwa na radi sana, na darasa la matofali na mabati lisilo na waya wala mabomba ndani halimkingi mtu kama watu wanavyofikiri. Anayesema imetumwa, usimtukane, mwulize tu mbona inapenda shule zilizo juu ya kilima na miti mirefu.

Ila kwa sababu nakuheshimu nitakwambia na upande wa pili. Kufunga nyaya za nyumba na kufunga kinga ya radi ni kazi mbili, na kinga iliyofungwa vibaya, ambayo ardhi yake haijapimwa au kiungo kimelegea, inaweza kuivuta radi ikaipeleka pale pale watoto walipo. Kuna shirika liko Kampala linaitwa ACLENet, kazi yao ni hii hii ya radi na wamefunga kinga mashuleni Uganda, waandikieni kabla hamjanunua hata mita moja, muombe ushauri na wewe uombe ujifunze kwao. Mkishafunga mfikirie wizi, shaba inapendwa na wauza skrepa, kwa hiyo waya inayoshuka ukutani ifunikwe vizuri na wazazi wa jirani waelezwe ni ya nini, na kila mwaka mtu arudi kupima.

Wakati pesa inatafutwa kuna kitu cha bure ambacho unaweza kuanza wiki ijayo, simama asembli uwafundishe. Ukiona mwanga ukahesabu na ngurumo ikafika kabla ya 30, mchezo umekwisha, toka uwanjani, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hakuna kukimbilia chini ya mwembe. Hakuna kuegemea ukuta wala dirisha la chuma. Walimu wa michezo waambiwe kabisa, manake wao ndio wanasema tumalizie hii mechi kwanza.

Barua yako imenikumbusha watu wengine wenye ujuzi ambao wamekaa kimya: masavea wanaopima ardhi na wanasheria. Shule nyingi sana hapa zimekaa kwenye ardhi iliyotolewa kwa mdomo na mzee fulani au dayosisi zamani, hati hakuna, sasa wajukuu wa mzee wanaanza kupima viwanja kwenye uwanja wa mpira. OB mmoja savea na OG mmoja wakili wakikaa na waanzilishi wa shule, wakapima mipaka wakati wazee mashahidi bado wako hai, wakafuatilia hati kwa bodi ya ardhi ya wilaya mpaka itoke, wameokoa shule nzima. Kama uko kwenye kazi hiyo na hujui ufanyie nini shule yako, jibu ni hilo, na ufanye mwaka huu.

Mwalimu, hedi wetu anatukataa kabisa. Tumemwandikia, tumempigia, anasema shule haina shida. Watu wa PTA, umoja wa wazazi na walimu, wanatuambia pesa zinaliwa. Tuende kwa redio? OB na OG, Tororo

Redio hapana, bado. Hedi anayewakataa maOB mara nyingi ameshaumizwa na wengine. Alikuja mmoja akijiita mwanafunzi wa zamani akaomba kuongea na watoto, kumbe anatafuta ubunge, mabango yakabandikwa kwenye mabweni. Au walikuja wengine siku ya kwanza tu wakataka vitabu vya hesabu. Mwondoleeni hiyo hofu kwanza. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa bodi, nakala kwa hedi, muombe kitu kidogo chenye tarehe, mfano kupanda miti ya kivuli au kukarabati choo kimoja, na muandike wazi kwamba hakuna mgombea atakayesimama hapo. Kama shule ina waanzilishi, Kanisa la Uganda au Katoliki au Waislamu, pitieni na kwao, wana viti vingi kwenye bodi na hedi atawasikiliza. Ikishindikana kabisa kuna afisa elimu wa wilaya.

Habari ya pesa kuliwa ni kesi nyingine, msiichanganye na hii. Kama mna ushahidi wa karatasi upelekeni kwa bodi na wilaya, na IGG, mkaguzi mkuu wa serikali, anapokea malalamiko pia. Kama ni maneno ya PTA tu, nyamazeni mpaka muwe na karatasi, kwa sababu mkimchafua mtu na isiwe kweli mtoto wenu wa miaka ijayo hatapokelewa hapo tena.

Mwalimu, sisi wa Jinja tuna ligi ya OB, kila mwaka wa kumaliza una timu, tunacheza Jumapili tunachoma nyama. Mke wangu anasema huko si kusaidia shule, ni kunywa tu. Nani ana haki? OB, Jinja

Wote wawili mna haki kidogo. Ligi ni kitu kizuri, watu wa shule ya Budo wanayo, wa Kisubi wanayo, na nimeona jinsi inavyowarudisha watu ambao hakuna mkutano ungewatoa nyumbani. Mtu aliyepoteza kazi anaipata pale pale pembeni ya uwanja. Lakini ligi iwe na mlango wa kuingilia shuleni. Kila timu ikilipa kiingilio cha msimu, sehemu yake iende mfuko wa basari kabla hata mpira wa kwanza haujapigwa, sio kinachobaki, manake hakibaki kitu. Mechi mbili tatu kwa mwaka zichezwe kwenye uwanja wa shule yenyewe dhidi ya timu ya wanafunzi, na wasichana nao wacheze netiboli na maOG, mara nyingi mnawasahau. Wale walimu wenu wa zamani waliobaki waalikeni wakae mbele, na msiwasahau wa masomo ya sanaa, tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii anapata milioni 4 kwa mwezi na mwenzake wa historia au Kiswahili yuko chini sana, wanakaa stafurumu moja na inauma.

Siku hizo za shuleni bia ibaki Jinja mjini. Na mpange mechi ianze saa nane, ili saa kumi na mbili muwe mmeondoka, watoto wana prepu, masomo ya jioni.